Arobaini Katika Nyumba ya Mjini: Mwongozo kwa Mume Ambaye Mkewe Amelemewa na Huzuni Baada ya Kujifungua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mume ambaye mkewe amejifungua salama, mtoto yu mzima, pongezi zimekwisha kupokewa na wageni wamekwenda zao, na ambaye sasa, usiku baada ya usiku, anamwona mkewe akilia pasipo sababu anayoweza kuitamka, au, jambo lenye kuogofya zaidi, haoni chozi lolote bali anamkuta amekodolea macho ukuta ilhali mtoto analia ubavuni mwake. Umeandikwa hasa kwa wakazi wa upande wa magharibi wa Nairobi, kutoka Jamhuri na Woodley hadi Kibera, Kilimani na Dagoretti, kwa kuwa mwenye kutafuta nusura sharti aujue mlango atakaoubisha; lakini taratibu zake za nyumbani zitamfaa mume yeyote mwenye kumpenda mkewe.

Kwa nini kazi hii ni yako

Katika desturi ya pwani yetu, mama mzazi alikuwa haachwi peke yake. Kwa muda wa siku arobaini alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa mkaja, akapikiwa uji wenye pilipili manga, na usiku alilala na mwanamke mtu mzima, awe mama yake, shangazi yake au mkunga, ambaye alimpokea mtoto kila alipokwisha kunyonya ili mzazi apate kurudi usingizini. Bara nako mambo hayakuwa mbali na hayo: Waagikuyu humpikia mzazi njahi na uji wa wimbi, na wanawake wa jirani humtekea maji na kumchanjia kuni. Wengi wa zama hizi huzihesabu desturi hizo kuwa mambo ya sherehe tu. Mimi naamini kwamba zilikuwa tiba, kwani ndani yake mlikuwa na vitu vitatu ambavyo mama aliyetoka kuzaa hawezi kuviacha bila kudhurika, navyo ni usingizi, chakula, na mtu wa kuzungumza naye.

Sasa tazama nyumba moja ya ghorofa ya tatu hapa Jamhuri. Mume hutoka alfajiri kwenda kutafuta matatu katika barabara ya Ngong, na hurudi baada ya magharibi. Mama mzaa mke alikuja kutoka Kakamega, akakaa wiki moja, akarejea kwenye mifugo na shamba lake. Jirani wa mlango wa pili hajulikani hata jina. Maji ni ya mgao, kwa hiyo ndoo zimepangwa kibarazani chini ya kamba ya nepi, na kikombe cha chai ambacho mama alijimiminia saa mbili asubuhi bado kimejaa saa sita mchana, utandu umeganda juu yake. Mji umeiondoa arobaini, wala hakuna aliyepewa kazi yake. Kazi hiyo, bwana, ni yako.

Ujue pia kwamba ugonjwa huu si udhaifu wa imani, si uvivu, si majini, wala si dalili kwamba mkeo hampendi mtoto. Baada ya kujifungua, homoni zilizojaa mwilini wakati wa ujauzito huporomoka kwa ghafula. Juu ya hayo huja kukosa usingizi, upungufu wa damu, na pengine kumbukumbu ya uchungu uliokuwa mkali mno. Na aliyewahi kuugua huzuni nzito kabla, au aliyepoteza mtoto, au anayeishi katika ugomvi na dhiki ya fedha, huwa karibu zaidi na hatari.

Pambanua mambo matatu

Hali za moyo baada ya kujifungua ni tatu, na mume asiyezipambanua hukimbia pasipo haja au, jambo baya zaidi, hungoja mahali pasipofaa kungoja.

1. *Simanzi ya siku za mwanzo.* Huja takriban siku ya tatu: machozi ya ghafula, hasira ndogondogo, wasiwasi. Huwapata akina mama walio wengi, na huondoka yenyewe kabla ya wiki mbili kwisha, maadamu mama anapumzika na kutunzwa.

2. *Sonona ya uzazi.* Hii hudumu zaidi ya wiki mbili, na yaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza, au hata wakati wa ujauzito. Mama hapati furaha katika jambo lolote. Hawezi kulala hata mtoto alalapo. Hali, au hula kupita kiasi. Hujilaumu na kujiona mama asiyefaa. Hushikwa na hofu isiyokoma kwamba mtoto atadhurika. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba maradhi ya akili, na hasa sonona, huwapata wanawake 13 hivi katika kila 100 waliojifungua, na katika nchi zinazoendelea karibu 20. Kwa hiyo mkeo si wa ajabu, na katika foleni ya kliniki yumo mwenzake, ingawa hamfahamu.

3. *Wazimu wa uzazi.* Huu ni nadra, mwanamke mmoja au wawili katika kila 1,000, lakini huja kwa kasi, aghalabu katika wiki mbili za mwanzo, na hautibiwi nyumbani hata kidogo.

> HADHARI: Nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, ikiwa mkeo:
> – anasikia sauti au anaona vitu ambavyo wengine hawavioni;
> – anasema mambo yasiyoshikana, au anaamini kwamba mtoto amebadilishwa, amelogwa au ana ujumbe wa pekee;
> – hajalala kwa siku kadhaa na wala haonekani kuhitaji kulala;
> – anasema afadhali afe, au kwamba ninyi mngekuwa na heri bila yeye, au anazungumza juu ya kumdhuru mtoto.
>
> Usimwache peke yake hata kwa dakika chache, wala usimwache peke yake na mtoto. Fungia mbali dawa, sumu ya panya na vitu vyenye makali. Omba jirani au ndugu mmoja aje nanyi, ili mmoja amshike mtoto na mwingine awe na mama. Idara ya dharura ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hupokea wagonjwa usiku na mchana.

Hatua ya kwanza: linda usingizi wake

Nalitanguliza jambo hili kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililo mikononi mwako kabisa na ndilo ambalo waume wengi huliona dogo. Mtu aliyekatizwa usingizi kila baada ya saa moja na nusu kwa mwezi mzima hana tena akili ya kujifariji, na maneno matamu utakayomwambia mchana hayatafaa kitu ikiwa usiku umemwacha apambane peke yake kwa hoja kwamba wewe ndiwe uendaye kazini. Yeye naye yu kazini, na kazi yake haina saa ya kutoka.

Utaratibu wa usiku ni huu:

1. Kabla ya saa tatu, vyombo viwe vimeoshwa, maji ya moto yawe ndani ya chupa ya chai, na nepi kavu pamoja na kitambaa viwe mahali ambapo mkono utavifikia gizani.
2. Saa tatu mama anyonyeshe, kisha alale papo hapo, na simu yake iwe chumba kingine.
3. Mtoto akiamka na si kwa njaa, mchukue wewe, umtembeze sebuleni, na mlango wa chumba cha kulala uwe umefungwa.
4. Akiamka kwa njaa, mletee mama kitandani anyonyeshe pasipo kuinuka; akimaliza mpokee, mweke begani, mpapase mgongo mpaka abeue, mbadilishe nepi, umlaze chali mahali pake. Mama asisimame.
5. Kunyonyesha kukiwa kumetengemaa, na mama akiridhia, akamue maziwa kabla tu ya kulala katika kikombe kilichochemshwa na kufunikwa. Maziwa hayo hukaa salama saa nne katika chumba kisicho na joto kali, nawe utampa mtoto kidogo kidogo kwa kikombe hicho, ukiwa umemkalisha wima. Kwa njia hii mama hupata saa nne au tano za usingizi usiokatizwa, na asubuhi yake huwa asubuhi nyingine kabisa.

Ikiwa kazi yako ni ya usiku, fanya haya haya mchana kabla hujalala wewe, hata kama ni kwa saa mbili tu.

Jambo moja la likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, humpa mama likizo ya miezi mitatu na baba likizo ya wiki mbili, zote kwa mshahara kamili. Lakini angalia: wiki mbili hizo za baba aghalabu huisha pale pale ambapo simanzi ndogo huisha na sonona huanza. Kwa hiyo, ukiweza, weka akiba siku kadhaa za likizo yako ya kila mwaka kwa ajili ya wiki ya nne hadi ya nane. Nami nashauri kwa moyo wote kwamba wiki zako mbili usizitumie kupokea wageni na kuandaa karamu. Zitumie kupika, kufua na kubeba maji.

Hatua ya pili: chakula na wageni

Mwenye sonona hatakwambia ana njaa. Usimwulize, "Utakula nini?" kwani swali hilo humtaka achague, na kuchagua ni mzigo. Mletee uji, mayai, ndengu au supu, kiasi kidogo, ukae naye anapokula. Unapotoka asubuhi, mwachie chakula kilichokwisha kupikwa mahali ambapo anaweza kukila kwa mkono mmoja, kwa maana mkono wa pili una mtoto.

Wageni uwapime wewe. Mgeni afaaye huosha vyombo na kwenda zake. Mgeni asiyefaa hukaa saa tatu, hutaka chai, na hueleza jinsi yeye alivyozaa watoto sita na kurudi shambani siku ya nne. Huyo wa pili mwambie kwa upole mlangoni, "Mama Baraka amelala, atafurahi kusikia kwamba umekuja." Na ikiwa mama yako mzazi ndiye mwenye maneno makali, usimwachie mkeo vita hivyo. Mchukue kando umwambie, kwa staha yote anayostahili: "Mama, mke wangu ni mgonjwa, si mvivu. Naomba unisaidie kumtunza, na neno la kumlaumu uniletee mimi." Msaidizi wa nyumbani, kama mnaye, apewe kazi za jikoni na za kufua kabla ya kupewa mtoto, isipokuwa mama akitaka mwenyewe.

Hatua ya tatu: zungumza naye

Waume wengi huuliza, "Uko sawa?" na hujibiwa, "Niko sawa," na mazungumzo hufa hapo. Swali hilo lina jibu lake ndani yake. Chagua badala yake wakati ambapo mtoto amelala na mikono yenu ina kazi nyepesi, mathalan mnapokunja nguo za mtoto, maana ni rahisi kwa mtu kusema yaliyo moyoni wakati macho yake yako kwenye kitambaa kuliko yanapotazamwa. Kisha uanze na ulichokiona, si na unachokishuku:

"Nimekuona siku hizi hulali hata mtoto akilala, na jana hukugusa chakula. Sikulaumu. Nataka kujua kunakuwaje ndani yako."

Baada ya hapo nyamaza. Kimya kikirefuka, kistahamilie. Akilia, usimkimbilie na "usilie". Mshike mkono, au kaa tu. Akisema jambo linalokutisha, kwa mfano kwamba anajutia kuzaa, usishtuke mbele yake, kwani amekuaminia neno zito ambalo pengine hajamwambia mtu mwingine. Mjibu: "Nashukuru umeniambia. Huu ni ugonjwa, una dawa, na tutakwenda pamoja."

Kuna swali moja ambalo lazima uliulize waziwazi, ijapokuwa ulimi utakuwa mzito: "Je, umefika mahali pa kufikiri kwamba afadhali usiwepo, au kujidhuru?" Watu huogopa kwamba swali hili litampa mtu wazo asilokuwa nalo. Halimpi. Huwa ni faraja kwa aliyekuwa akilibeba peke yake, nawe ukipata jibu la ndiyo utajua kwamba umeingia katika hadhari niliyoitaja juu.

Makosa yanayofanywa mara kwa mara

– *"Wenzako wanazaa na hawalii."* Sijui neno katili kuliko hili, kwa kuwa humthibitishia mgonjwa kile kile ambacho ugonjwa unamnong'oneza, ya kwamba yeye ndiye peke yake asiyeweza.
– *"Mshukuru Mungu, mtoto ni mzima."* Anashukuru, na bado ni mgonjwa.
– Kumpa simu apige gumzo na ndugu ishirini, ukidhani umemletea wenzi. Mwenzi mmoja wa kweli anatosha.
– Kumnyang'anya mtoto moja kwa moja "ili apumzike". Msaidie kumtunza, usimfanye mgeni kwa mwanawe.
– Kutosheka na dua peke yake. Dua ni faraja kubwa, na imamu au kasisi mwenye busara ni msaada wa kweli. Lakini dini haimzuii mtu kumwendea tabibu.
– Kutafuta faragha ya ndoa kabla yeye hajawa tayari. Katika jambo hili subira yako ni sehemu ya tiba.

Hatua ya nne: mpeleke mbele ya mtaalamu

Kila mama wa Kenya aliyehudhuria kliniki ana kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Kwa mujibu wa ratiba ya chanjo, mtoto hurudishwa kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na siku hizo tatu ni fursa ambazo familia nyingi huzipoteza. Mtoto hupimwa uzito, huchomwa sindano, kijitabu huandikwa, na mama aliyeketi kwenye benchi huulizwa juu ya matiti yake na kidonda chake, basi. Siku hiyo omba ruhusa kazini uende naye. Kwanza mkubaliane nyumbani kwamba utasema, maana siri ni yake. Kisha ukifika mbele ya muuguzi useme bila kuzungukazunguka:

"Sista, tumekuja pia kwa ajili ya mke wangu. Kwa wiki tatu sasa hali chakula sawasawa, halali hata mtoto akilala, na analia kila siku. Naomba aonwe."

Sentensi hii, yenye muda na mambo yaliyoonekana kwa macho, hufungua milango ambayo "anasumbuka kidogo" haitaifungua. Lakini ikiwa wiki mbili zimekwisha kupita na hali ni ile ile, usingoje tarehe ya chanjo.

Pengine ataulizwa maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita. Ni kipimo kilichotungwa huko Scotland na kuchapishwa mwaka 1987, nacho sasa hutumika katika nchi nyingi. Swali lake la kumi ni lile la kujidhuru. Mwache ajibu mwenyewe, na ikibidi utoke nje ya chumba. Ombeni pia apimwe wingi wa damu na tezi ya shingoni, kwani upungufu wa damu na hitilafu ya tezi hiyo huleta uchovu na huzuni zinazofanana na sonona.

Kwa mkazi wa Jamhuri, Hospitali ya Mbagathi na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ziko karibu, na Kenyatta ina idara ya afya ya akili. Mathari, iliyo katika barabara ya Thika na ambayo ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, ni hospitali ya rufaa. Jina lake limefanywa tusi katika vinywa vya watu, na tusi hilo limewafanya wagonjwa wengi wafichwe majumbani. Mkiandikiwa rufaa kwenda huko, nendeni. Mtaani kwenu yupo pia mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale zaidi ya 100,000 waliozinduliwa na serikali Septemba 2023. Anaweza kumtembelea mama nyumbani na kuwaelekeza. Hakikisheni mapema kwamba mmejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Matibabu huwa ni mazungumzo na mshauri, au dawa, au vyote viwili. Mwambieni daktari kwamba mama ananyonyesha, kwa kuwa zipo dawa za sonona anazoweza kuzitumia pasipo kumwachisha mtoto ziwa. Dawa hizo huchukua wiki mbili hadi nne kabla matunda yake hayajaonekana wazi. Hivyo asizitupe siku ya tano kwa kuona hazimfai, wala asiziache ghafula siku ajionapo mzima.

Zaidi ya hayo, mtu asiogope kusema ukweli hospitalini kwa hofu ya polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kilitangazwa na Mahakama Kuu ya Nairobi, Januari 2025, kuwa ni kinyume cha Katiba.

> ORODHA YA KUBANDIKA NYUMA YA MLANGO
> ☐ Amelala saa nne mfululizo tangu jana?
> ☐ Amekula mara tatu na kunywa maji ya kutosha?
> ☐ Ametoka nje kupata jua, hata kwa dakika kumi?
> ☐ Amezungumza na mtu mzima mmoja asiyekuwa mimi?
> ☐ Nimemwuliza swali la kweli na kusubiri jibu?
> ☐ Tarehe ya kliniki inayofuata: ______
> ☐ Jirani wa kumwita usiku, na nambari yake: ______
> ☐ Befrienders Kenya: 0722 178 177. Msalaba Mwekundu wa Kenya, simu bila malipo: 1199.

Na wewe je?

Baadhi ya akina baba huugua sonona katika mwaka huo huo, na aghalabu kwao hujitokeza kwa hasira, kwa pombe, au kwa kuchelewa kazini kila siku pasipo kazi. Ukijiona umo humo, nambari zilizo katika orodha ni zako pia, na kaka au rafiki mmoja umweleze mambo kama yalivyo. Mpe mwenzako huyo kazi maalumu, mathalan aje Jumamosi saa nne asubuhi akae na mtoto ili ulale.

Siku ambayo mkeo atakuwa amepona, na walio wengi waliotibiwa hupona, kuna jambo moja la kutenda kabla halijasahauliwa. Andikeni katika karatasi ugonjwa ulianza lini, ulijitokeza vipi, dawa gani ilimfaa na daktari gani alimwona, mkaiweke karatasi hiyo ndani ya kijitabu cha kliniki. Aliyeugua mara moja yu karibu zaidi kuugua tena katika uzazi unaofuata; kwa hiyo Mungu akiwajalia ujauzito mwingine, mkabidhini muuguzi karatasi hiyo katika ziara ya kwanza kabisa, kabla ya kupimwa kitu kingine chochote, na yule mwanamke wa kulala na mzazi siku arobaini muanze kumtafuta mwezi wa saba wa ujauzito.